Majina Yasiyo Kwenye Jalada

Ripoti ya taasisi ya utafiti wa uchumi huwa naianza kwa nyuma. Kabla sijajua pato la kila mkazi limepanda au limeshuka kwa kiasi gani, natafuta ukurasa ule wa shukrani ambao wasomaji wengi huuruka, nikitaka kujua nani alikusanya, nani alikokotoa, nani alichora ramani na nani alilipa. Tabia hii niliipata kazini. Kwa miaka michache niliajiriwa kusafisha takwimu katika taasisi ndogo ambayo sitaitaja, na humo ndimo nilimogundua kwamba namba anayoisoma waziri mbele ya vipaza sauti imekwisha kupita katika mikono ya watu sita au saba, na kila mmoja wao ameifanyia uamuzi wake, uamuzi ambao hautajwi popote isipokuwa, kwa bahati njema, katika tanbihi yenye herufi ndogo.

Miongoni mwa taasisi zinazochunguza kwa nini eneo moja hustawi na jirani yake akadorora, iliyonivuta kuliko zote ni moja ya Toronto, Kanada, iliyojulikana kama Martin Prosperity Institute, yaani Taasisi ya Ustawi ya Martin. Ilianza kazi mwaka 2007 chini ya shule ya biashara ya Rotman katika Chuo Kikuu cha Toronto. Ni rahisi kudhani kwamba Martin huyo ni Roger Martin, aliyeiongoza shule hiyo kuanzia mwaka 1998 hadi 2013, lakini jina kamili la taasisi lilikuwa na watu wawili ndani yake, Lloyd na Delphine Martin, nao ni wazazi wake. Lloyd Martin hakuwa mchumi. Alikuwa na kinu cha kusaga chakula cha mifugo huko Wallenstein, kijiji cha wakulima kaskazini mwa jiji la Waterloo katika jimbo la Ontario, mahali ambapo hadi leo Wamennonite wanaoshika desturi za kale hupita barabarani kwa magari ya kukokotwa na farasi.

Mimi naona jina hilo lina maana kuliko heshima ya mtoto kwa wazazi wake. Mwenye kinu cha kijijini ni mtu anayeishi swali la ustawi wa eneo bila kulitamka. Wateja wake ni wakulima wanaoweza kumfikia na kurudi siku hiyo hiyo, na hawezi kutafuta wengine mbali. Ng'ombe wao wakitoa maziwa mengi naye anasaga zaidi, na wao wakiuza mashamba wakaondoka, mashine zake zinabaki kuwa chuma tu. Mchumi anayesoma biashara ya dunia anaweza kusahau umbali, lakini mwenye kinu hana ruhusa hiyo hata siku moja. Haishangazi, basi, kwamba mtoto wa nyumba hiyo, baada ya kusoma uchumi na kisha biashara Harvard, na baada ya miaka mingi katika kampuni ya ushauri ya Monitor, alirudi Ontario akiwa na swali la mahali.

Swali hilo alikuwa amelianza kabla ya taasisi yenye jina la wazazi wake. Mwaka 2001 serikali ya Ontario iliunda kikosi kazi cha ushindani, tija na maendeleo ya uchumi, Roger Martin akawa mwenyekiti, na pembeni yake ikawekwa taasisi ndogo ya utafiti, Institute for Competitiveness & Prosperity, ili imletee majedwali. Kutoka huko ndiko lilikotoka neno ambalo watu wa kazi hii walilizoea kwa karibu miaka ishirini: pengo la ustawi. Walichukua pato la Ontario kwa kila mkazi, wakaliweka kando ya pato la majimbo makubwa ya Marekani na Quebec, wakaonyesha kwamba Ontario iko karibu na mkia wa orodha hiyo. Kisha wakafanya jambo ambalo hadi leo nalihesabu kuwa mojawapo ya kazi safi katika fani hii: walilipasua pengo vipande vinne. Cha kwanza, ni sehemu gani ya wakazi ina umri wa kufanya kazi. Cha pili, ni wangapi kati yao wanafanya kazi kweli. Cha tatu, kila mmoja anafanya kazi saa ngapi. Cha nne, katika kila saa moja huzalishwa thamani kiasi gani. Wakaona kwamba tatizo kubwa halikuwa watu kukosa kazi, bali kipande cha nne, tija, kikifuatiwa na cha tatu, saa za kazi.

Ni kazi safi, nimesema, lakini angalia ni uamuzi gani uliokwisha kufanyika kabla hesabu haijaanza. Mtu fulani aliamua Ontario ilinganishwe na nani. Ingelinganishwa na Manitoba au na majimbo ya Kanada yaliyo kando ya Atlantiki, lingekuwa jimbo tajiri lisilo na haja ya kikosi kazi. Ililinganishwa na Massachusetts na New York, ikawa jimbo linalochechemea. Milinganisho yote miwili ingekuwa ya kweli. Na saa za kazi nazo: mtu akifanya kazi saa chache kwa sababu amechagua kukaa na watoto wake, je, hilo ni pengo la ustawi au ni ustawi wenyewe? Jedwali haliwezi kujibu, na waliolitengeneza walilijua hilo, kwani katika ripoti zao walijaribu kutenganisha likizo ndefu ambazo watu walizitaka na kazi za nusu siku ambazo watu walizikubali kwa kukosa nyingine. Hapo ndipo ninapomwona mtafiti mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyemlazimisha kufanya utenganisho huo.

Mtu wa pili katika habari hii hakutoka Ontario hata kidogo. Richard Florida alizaliwa mwaka 1957 huko Newark, New Jersey, baba yake akiwa mfanyakazi wa kiwanda cha fremu za miwani katika mji huo, na utoto wake uliangukia miaka ambayo Newark iliungua kwa ghasia za mwaka 1967 na viwanda vyake vikafungwa kimoja baada ya kingine. Baadaye alifundisha kwa muda mrefu Pittsburgh, jiji la chuma lililopoteza chuma chake, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Amesimulia mara nyingi jinsi kampuni ya intaneti ya Lycos, iliyozaliwa ndani ya chuo hicho hicho, ilivyohamia Boston. Pittsburgh ilikuwa na chuo, maarifa na kodi nafuu ya nyumba. Kwa nini basi vijana waliondoka? Jibu lake alilitoa mwaka 2002 katika kitabu kilichompa umaarufu, akidai kwamba kampuni huwafuata watu kuliko watu wanavyozifuata kampuni, na kwamba jiji hustawi likiwa na mambo matatu kwa pamoja: teknolojia, vipaji na uvumilivu wa kuwapokea walio tofauti. Wafanyakazi wa aina hiyo aliwaita tabaka la wabunifu, akawakadiria kuwa milioni 38, sawa na asilimia 30 ya nguvu kazi ya Marekani wakati huo. Mwaka 2007 alihamia Toronto kuiongoza taasisi hii mpya.

Weka watu hao wawili chumba kimoja. Mmoja ametoka kijijini ambako biashara ya familia ilisimama kwa sababu watu hawakuondoka, na mwingine ametoka katika miji miwili iliyoumia kwa sababu watu na viwanda viliondoka. Wa kwanza anauliza kila saa ya kazi inazaa nini. Wa pili anauliza nani anabaki na nani anahama. Yaliyoandikwa na taasisi hiyo kwa miaka yote iliyofuata ni, kwa macho yangu, mazungumzo kati ya maswali hayo mawili, ingawa kwenye jalada yanaonekana kama jibu moja.

Ofisi zao za mwanzo zilikuwa barabara ya College, katika jengo la matofali lililokuwa sehemu ya hospitali kuu ya zamani ya Toronto, hospitali ile ile ambamo mnamo Januari 1922 insulini ilitumiwa kwa mara ya kwanza kumtibu mgonjwa wa kisukari. Jengo lilikuwa limegeuzwa kuwa sehemu ya kituo cha ubunifu cha MaRS.

Sasa nije kwa wale ambao majina yao hayakuwa kwenye vipindi vya televisheni. Mkurugenzi wa kwanza wa utafiti alikuwa Kevin Stolarick, mtu wa takwimu aliyekuwa amefanya kazi na Florida tangu Pittsburgh, na mshirika wa karibu wa kuandika makala za kitaaluma alikuwa Charlotta Mellander, mchumi wa Jönköping huko Uswidi. Ukizitazama makala hizo utaona majina haya yakirudi tena na tena, na nina hakika kwamba bila watu wa namna hiyo tabaka la wabunifu lingebaki kuwa msemo mzuri wa ukumbini. Maana mbunifu hahesabiki mpaka mtu akae chini aamue ni kazi ipi ya kibunifu na ipi siyo. Marekani ina orodha yake rasmi ya kazi yenye misimbo yake, na Kanada ina orodha yake nyingine, iliyopangwa kwa mantiki nyingine. Ili kulinganisha Toronto na Chicago, ni lazima kila msimbo wa upande huu utafutiwe mwenzake wa upande ule, na mara kwa mara mmoja huwa na wenza wawili au hukosa kabisa.

Matokeo ya kazi hiyo ya ukarani si madogo. Katika mpangilio wa Florida, muuguzi aliyesajiliwa anahesabiwa miongoni mwa wabunifu, kwa kuwa yumo katika kundi la wataalamu wa afya. Msaidizi wa uuguzi anayemgeuza mgonjwa yule yule kitandani anahesabiwa katika tabaka la huduma. Mwalimu wa shule ni mbunifu. Fundi wa mashine, hata akiwa ndiye pekee anayeijua dawa ya mtambo usioelewana na mtu mwingine, yumo katika tabaka la wafanyakazi wa mikono. Wakulima wamewekwa fungu lao peke yao, dogo mno kiasi kwamba katika majedwali mengi ya miji halionekani, jambo ambalo kila nikilikumbuka hunirudisha Wallenstein na kunifanya nitabasamu: taasisi ilibeba jina la mtu ambaye wateja wake wote walikuwa ndani ya fungu lisiloonekana.

Wakosoaji walikuja mapema, na baadhi yao walikuwa na hoja nzito. Edward Glaeser wa Harvard alizipitia upya takwimu za kitabu kile akaona kwamba ukishaingiza katika hesabu idadi ya watu waliosoma chuo, vipimo vingine vya ubunifu havibaki na nguvu kubwa ya kueleza ukuaji wa miji. Jamie Peck, mwanajiografia, aliandika mwaka 2005 kwamba nadharia hiyo iliwapendeza mameya kwa sababu ilikuwa rahisi kuinunua: njia za baiskeli, matamasha, mtaa wa sanaa, bila kugusa mgawanyo wa mali. Nikiri kwamba kwa miaka kadhaa nilikuwa upande wa wakosoaji kwa moyo wote, na sehemu kubwa ya moyo huo bado uko huko. Lakini nilipoanza kusoma tanbihi za taasisi yenyewe niligundua kwamba watu wake wa takwimu walikuwa wakizijua hoja hizo kuliko mimi, na wakizijibu kwa kujaribu vipimo vya kazi dhidi ya vipimo vya elimu, jedwali baada ya jedwali, kwa uvumilivu ambao hauwezi kuuza kitabu.

Kuna swali moja ambalo watu wa nje hudhani ni dogo, nalo ndilo linalokula muda mwingi kuliko yote: eneo ni nini? Mipaka ya manispaa haisaidii, kwa sababu mtu huamka katika manispaa moja, akafanya kazi katika ya pili na kununua mahitaji yake katika ya tatu. Shirika la takwimu la taifa, Statistics Canada, hulitatua kwa kufuata nyayo: huchukua kiini cha mji chenye wakazi wasiopungua 50,000, kisha huongeza kila manispaa ya jirani ambayo angalau nusu ya wafanyakazi wake husafiri kwenda kazini katika kiini hicho, na jumla ikifika 100,000 eneo hilo linapewa hadhi ya jiji kuu la sensa. Maana yake ni kwamba eneo huchorwa upya kila watu wanapobadili mahali pa kazi. Na wanasiasa nao hawatulii. Mwaka 1998 serikali ya Ontario iliunganisha manispaa sita, yaani Toronto ya zamani, North York, Scarborough, Etobicoke, York na East York, zikawa Jiji la Toronto moja, na kuanzia hapo kila anayetaka kulinganisha Toronto ya mwaka 1991 na ya mwaka 2001 ni lazima kwanza aiumbe upya Toronto ambayo mwaka 1991 haikuwapo.

Kosa la namna hii ndilo karibu liniondoe kazini. Nilikuwa nimepewa majedwali mawili ya miaka tofauti niyaunganishe, na katikati ya miaka hiyo wilaya moja ilikuwa imegawanywa, nusu ikabaki na jina la zamani. Mimi nililiona jina lile lile pande zote mbili nikaridhika. Kwa hesabu yangu, eneo lile lilikuwa limepoteza theluthi ya ajira zake, na aya nzima ya ripoti ilikuwa tayari imeandikwa kueleza sababu za anguko hilo, tena kwa ufasaha. Aliyelikamata kosa hakuwa mchumi. Alikuwa mama mtunza maktaba wa taasisi, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, ambaye aliisoma rasimu wakati wa chakula cha mchana akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hizo ajira si zimehamia ng'ambo ya mpaka tu?" Jina lake halikuwekwa kwenye ukurasa wa shukrani. Nililipendekeza, nikaambiwa nafasi imejaa.

Watafiti wa Toronto walijaribu pia njia nyingine ya kuikwepa mipaka kabisa. Mwaka 2008 Florida, Mellander na Tim Gulden walichapisha makala iliyotumia picha za setilaiti za taa za usiku: pale ambapo mwanga hauna pengo, hapo ni eneo moja, iwe limekatwa na mto, jimbo au mpaka wa nchi. Kwa njia hiyo walipata maeneo makubwa 40 duniani, na moja lilianzia Toronto, likazunguka ziwa Ontario hadi Buffalo na Rochester upande wa Marekani, wakaliita kwa jina gumu la Tor-Buff-Chester. Njia yenyewe naipenda kwa ubunifu wake, na naiogopa kwa sababu hiyo hiyo. Mwanga wa usiku hauulizi pasipoti. Lakini mfanyakazi wa Hamilton anayetaka kazi Buffalo anaulizwa.

Jaribio kubwa la taasisi lilikuja mapema kuliko ambavyo yeyote angetaka. Waziri mkuu wa jimbo, Dalton McGuinty, alikuwa amewaagiza Martin na Florida waandike juu ya mustakabali wa uchumi wa Ontario, kazi iliyogharimu dola milioni 2.2 za Kanada, na ripoti ilitoka Februari 2009, wakati ambapo General Motors na Chrysler walikuwa wakiomba kuokolewa na miji ya magari ya kusini mwa Ontario ilikuwa ikihesabu waliopunguzwa kazi. Ripoti iligawa kazi katika zile za ubunifu na zile za mazoea, ikasema mustakabali uko kwa za kwanza, ikahimiza hata kazi za mazoea ziingizwe ubunifu, ikaweka malezi ya watoto wadogo kuwa uwekezaji wa kwanza kabisa. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza iliniudhi, maana niliiona kama barua ya shahada inayopelekwa kwenye nyumba yenye msiba. Mara ya pili niliona kwamba hoja yake iliyozikwa chini kuliko zote ndiyo ilikuwa bora: kwamba mhudumu wa dukani na msaidizi wa wagonjwa wanaweza kulipwa zaidi iwapo kazi zao zitapangwa upya ili watumie akili zao. Hoja hiyo haikupata kichwa cha habari.

Wakati huo huo, katika chuo hicho hicho, mtu mwingine alikuwa akitazama jiji hilo hilo kwa sensa zile zile na kuona kitu kingine. David Hulchanski ni profesa wa masuala ya makazi. Yeye na wenzake walichukua mitaa yote ya Toronto kuanzia mwaka 1970 hadi 2005 na kuuliza kipato cha wakazi wa kila mtaa kimekwenda wapi kikilinganishwa na wastani. Mitaa ya kipato cha kati, iliyokuwa asilimia 66 ya jiji mwaka 1970, ilikuwa imebaki asilimia 29 mwaka 2005. Waliyaita matokeo hayo miji mitatu ndani ya Toronto: mmoja wa matajiri, uliojipanga zaidi kando ya reli za chini ya ardhi, mmoja wa kati, unaosinyaa, na wa tatu wa kipato kinachoshuka, uliotanda kaskazini mashariki na kaskazini magharibi, mbali na treni.

Hakuna namba ya Hulchanski inayokanusha namba ya Florida. Toronto ilikuwa ikivutia vipaji na ilikuwa ikipasuka, vyote kwa wakati mmoja. Tofauti ni kwamba mtu aliyetumia maisha yake kufikiria nyumba alilifungua faili la sensa kwenye safu ya kipato kwa mtaa, na mtu aliyeikumbuka Newark ikikimbiwa alilifungua kwenye safu ya kazi kwa jiji. Florida mwenyewe aliufikia mpasuko huo baadaye: mwaka 2014 taasisi yake ilichapisha ramani za miji iliyogawanyika kitabaka, mtaa kwa mtaa, na mwaka 2017 alitoa kitabu kizima kuhusu upande wa giza wa mafanikio ya miji. Wapo waliomcheka kwa kuchelewa. Mimi nasema mtafiti anayebadili safu anayoitazama, hadharani, akiwa na umaarufu wa kulinda, ni nadra kuliko mtafiti aliyepata jibu sahihi tangu mwanzo. Mwishoni mwa muongo huo taasisi ilifungwa, na wafanyakazi wake wakatawanyika kwenye vyuo, halmashauri na kampuni.

Lakini Martin, Florida, Hulchanski na mtunza maktaba wangu, wote wanasimama juu ya kazi ya watu wengine, na jambo hilo lilidhihirika majira ya joto ya mwaka 2010. Serikali ya Kanada ilitangaza kwamba dodoso refu la sensa, lile lililokuwa likipelekwa kwa kaya moja kati ya tano na kuuliza kuhusu kazi, kipato, elimu na safari ya kwenda kazini, halitakuwa la lazima tena. Mahali pake ungewekwa uchunguzi wa hiari utakaopelekwa kwa kaya moja kati ya tatu. Mkuu wa Statistics Canada, Munir Sheikh, alijikuta akinukuliwa kana kwamba wataalamu wake wameukubali mpango huo. Mnamo Julai 2010 alijiuzulu, na katika taarifa yake fupi aliuliza iwapo uchunguzi wa hiari unaweza kuwa mbadala wa sensa ya lazima, akajibu mwenyewe kwamba hauwezi. Ni mara chache mtakwimu huacha kiti kikubwa namna hiyo kwa ajili ya neno moja, hiari, na kwa wote tuliokuwa kwenye vyumba vya takwimu wakati huo taarifa ile ilisomwa kama watu wengine wasomavyo ushairi.

Uchunguzi wa hiari wa mwaka 2011 ulijibiwa na kiasi cha asilimia 69 ya walioulizwa. Ukisikia hivyo unaweza kudhani si haba. Lakini waliokaa kimya hawakusambaa sawasawa. Maskini sana, wageni wapya na watu wa vijiji vidogo hujibu kwa uchache zaidi, na hao ndio ambao utafiti wa ustawi wa eneo unawatafuta. Kwa zaidi ya jamii 1,100 takwimu hazikuchapishwa kabisa kwa sababu hazikuaminika. Yaani unachora ramani ya ustawi wa nchi na sehemu zake zinabaki nyeupe, na mtazamaji asiyejua anadhani hapo hapana watu.

Dodoso refu lilirudishwa kuwa la lazima kwa sensa ya mwaka 2016. Barua zilipowafikia watu mwanzoni mwa Mei, walijitokeza kujaza mtandaoni kwa wingi uliowazidi nguvu wenye tovuti. Ikaelemewa jioni hiyo hiyo, na watu wakawa wanalalamika kwamba wamenyimwa kujaza fomu ya serikali. Sidhani kama malalamiko ya namna hiyo yamewahi kusikika kwingine. Mwishowe kaya takribani 98 kati ya kila 100 zilijibu.

Siku moja baada ya tovuti kuelemewa, moto wa msitu uliingia Fort McMurray, mji wa mafuta wa Alberta, na makumi ya maelfu ya wakazi wakaambiwa waondoke. Makarani wa sensa wakasitisha kazi huko. Milango ya kubisha haikuwa na wenyewe, na mingine haikuwapo tena. Kule Ottawa watu ambao majina yao sijawahi kuyaona walikaa na kumbukumbu za kodi na kumbukumbu nyingine za serikali, wakajaza kaya baada ya kaya zile ambazo hazikuweza kujibu, kila moja mahali ilipokuwa ikiishi kabla ya moshi. Ukifungua leo majedwali ya mwaka 2016, Fort McMurray ina watu wake, nyumbani kwao.